Nilivyokata Sari ya Bibi Kama Doti

Nyumbani Tanga, ukinipa doti mpya ya khanga, kabla hujamaliza kunieleza nimeshaikata katikati na kuipinda. Vipande viwili hivi hapa, vaa. Najisifu? Najisifu, tena sana.

Kwa hiyo yule bibi wa Kihindi ninayemhudumia huku ughaibuni, mtaa wa Clintonville, aliponipa sari mpya, akasema, "Nitayarishie, nitaivaa Jumamosi kwenye harusi ya mjukuu wangu," sikuuliza swali. Niliibeba hadi kwangu Morse Road, nikakutanisha ncha kwa ncha, nikapitisha mkasi, nikakaa kwenye cherehani. Alhamisi nikampelekea vipande viwili, pindo limenyooka, mimi mwenyewe natabasamu.

Bibi alivitazama, akakaa kitini. Sari haikatwi, akaniambia taratibu. Hiyo ilifumwa na marehemu mumewe. Yeye Bibi ndiye aliyefunga nyuzi vifundo, fungu kwa fungu, zikachovywa kwenye rangi kabla hazijatandwa kwenye kitanda cha mfumi, ndiyo maana maua yale yalikuwa na kingo kama za ukungu. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mzee. Bibi hakuwahi kuivaa; aliiwekea harusi hii.

Jamani, nililia. Nikampigia dada yangu aliyeko Buffalo anipe moyo. "Umemkatia mjane sari ya mumewe? Wewe umerogwa?" Nikakata simu.

Kesho yake asubuhi Bibi akaniita. "Lete sindano. Macho yangu hayaoni vizuri, utashona wewe, nitaelekeza mimi." Nikafumua pindo zangu zote, nikaanza kuunga ua kwa ua, kwa mkono, yeye akipapasa kila hatua kwa kidole gumba. Nikienda haraka ananipiga kofi dogo mkononi. "Polepole! Huku si kiwandani!" Ua moja lilikataa kukutana sawasawa, likabaki limepinda shingo.

Tukiwa katikati akauliza, "Lakini kwa nini ulikata?"

Nikamweleza kwamba kwetu doti ni vipande viwili: kimoja unajifunga, kingine unajitanda, au unampa mtu umpendaye mvae sare. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikapata pumzi.

Jumamosi nilimsaidia kuivaa. Mshono ukaangukia ndani ya marinda, ukapotea kabisa. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikaenda kukaa nyuma ya ukumbi nile pilau yangu kwa amani.

Wapi! Bibi akanipungia mkono nisogee. Alikuwa amezungukwa na wanawake wenzake, wanashikashika kitambaa na kukisifia. Mbele yao wote akayafungua marinda, akawaonyesha lile ua lililopinda. Nikatamani ardhi inimeze.

"Nyuzi nilifunga mimi," akasema, amenishika mkono. "Akafuma mume wangu. Akaunga huyu."