Pointi za Boti na Fungate ya Chwaka

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu. Ni siku niliyoshuka bandarini Unguja, miguu ikiyumba kama bado ipo majini. Nilikuwa nimetoka Kigoma. Treni yetu ilikwama Tabora ikisubiri kichwa kingine, na ilipofika Dar es Salaam abiria tulikuwa tumeshazoeana kama watu wa nyumba moja. Kisha nikapanda meli ya mizigo, ile ya polepole, kwa kuwa ndiyo niliyoimudu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina begi moja na hamu ya kuona kila mahali. Nilikusudia kukaa mwezi mmoja tu. Nikakaa mpaka nikaoa.

Nilipata kazi kwenye duka la vipuri vya mashine za boti, Mji Mkongwe, nikapanga chumba Michenzani na vijana wenzangu. Kazi yangu ilikuwa kuvuka kwenda Dar kununua vipuri na kurudi navyo. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kampuni moja ya boti ilianza kuwapa wasafiri wake kadi. Kila ukivuka unaongezewa pointi, na pointi zikikua unazibadilisha kwa tiketi au kwa chumba katika nyumba za wageni walizopatana nazo. Nilimuuliza tajiri wangu kama kadi iandikwe jina lake. Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi hiyo boti nikiiona tu natapika. Andika lako."

Basi nikawa mtu wa pointi. Wenzangu walizipoteza kadi zao au waliwapa watoto wachezee. Mimi yangu niliitunza, na nasema bila kuona haya kwamba nilifanya vizuri. Kitu unachopewa kwa safari ambayo ungeisafiri hata hivyo si cha kudharau.

Kwenye dirisha la tiketi alikaa Haji, Mtumbatu mcheshi, rafiki yangu. Kila nikipita nilimuuliza habari za hoteli moja kubwa ya Nungwi niliyoiona kwenye picha ukutani kwake. Kitanda chake kina upana gani? Chandarua ni cheupe kweli? Bwawa la kuogelea lipo hatua chache kutoka baharini? (Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu achimbe bwawa kando ya bahari, lakini nilikuwa kijana na nililitaka.)

Sasa nikuambie habari ya Rukia. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa nyuma ya duka letu, watu wenye asili ya Uarabuni. Baba na mama yake walikuwapo, lakini neno la mwisho lilikuwa la bibi yake, Bi Zuwena. Nilipopeleka posa walinikubali kwa shingo upande. Si kwa sababu ya kabila. Walichoogopa ni kwamba sina ndugu pale, sina kwangu, na kila jirani alijua kwamba nimefika kwa begi moja. Kijana kama huyo humchukua binti ya watu siku moja, na hapo ndipo mwisho wa kumwona. Mimi nililijua hilo, na Rukia alinihimiza: nisiwape sababu hata moja.

Nikawapa.

Nilikwenda kwa Bi Zuwena nikiwa na furaha yangu yote.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mume wangu." Ndivyo alivyoniita kwa utani, na mjukuu wake Rukia akimwita "mke mwenzangu". "Kaa kitako. Leo umevaa shati la pasi, una maneno."

Nikamweleza kwamba baada ya nikaha nitamchukua Rukia tukakae fungate hotelini Nungwi, kwa pointi zangu, bila wao kuguswa na gharama wala taabu.

"Nungwi," akasema. "Na nani atawapikia?"

"Hoteli ina wapishi wake, bibi. Nyinyi mtapumzika."

Akacheka kicheko kikavu. "Tupumzike! Mjukuu wangu anaolewa, mie nikalale? Bwana we, jirani wakiniuliza sinia la asubuhi limekwenda wapi, niwaambie limepikwa na watu wa hoteli?"

Mwanangu, wewe umezaliwa na hayo, lakini mimi sikuyajua. Fungate ya pale, bwana harusi huingia nyumbani kwa mkewe, na siku saba zile upande wa mke humlisha na kumtunza. Sinia hutoka jikoni likifunikwa kawa, jirani wanaliona likipita, na kwa sinia hilo wanajua kwamba mtu huyu amepokewa. Mimi nilidhani nawapunguzia mzigo. Kumbe nilikuwa nikiwaambia mikono yao siihitaji, tena nawachukulia mtoto hata kabla ya siku ya nane.

"Umeniletea starehe yako ukaiita yetu," akasema Bi Zuwena, sasa bila utani. "Harusi isubiri. Mpaka bwana harusi ajue anaoa nyumba gani."

Kesho yake Rukia alipiga simu dukani. Tajiri akanipa mkono wa simu huku akijifanya anapanga misumari.

"Umemwambia nini bibi? Tangu jana kila sufuria humu ndani inapigwa."

"Rukia, mimi nilitaka…"

"Najua ulilotaka. Na mie bahari naitaka, Saidi. Naiona dirishani tu tangu nivunje ungo. Lakini sitoki nyumba hii kwa ugomvi. Hizo pointi zako, ni za Nungwi peke yake?"

Nikarudisha mkono wa simu. Muda wote ule nilikuwa sijauliza.

Nikaenda kwa Haji.

"Kaka," akasema, "umenimaliza kwa upana wa kitanda. Leo ndiyo unauliza swali." Akasogeza kiti. "Kwanza, Nungwi mwezi wa harusi yako hawapokei pointi. Wageni wamejaa, wanalipa taslimu, wewe wakufanyie nini? Pili, hata wangekupokea, pointi zako zote zingekwisha fungate haijafika katikati. Ungemrudisha mke kwao siku ya nne, ukaseme hoteli imetufukuza."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza chandarua."

Halafu akanieleza habari za nyumba moja ya wageni Chwaka. Ina vyumba vya kawaida, feni, jiko la uani. Kwa pointi zilezile ningepata vyumba vitatu wiki nzima, na hakuna aliyekataza kumwandikisha mtu mwingine kwenye kadi yangu.

"Kwa nini rahisi hivyo? Ina ubaya gani?"

"Maji yakipwa utayafuata mpaka uchoke. Watalii wanataka maji mlangoni. Nyinyi yakijaa mtaoga, yakitoka mtakula. Lakini chakula ni juu yenu, pointi hazipiki. Na mkaa ubebe kutoka mjini."

Nilirudi kwa Bi Zuwena na shati lilelile. Hakunikaribisha kiti. Nikasema nikiwa nimesimama: fungate iwe Chwaka, chumba kimoja chetu, viwili vya kwao, jiko ni lao, na sinia lipite barazani watu waone.

"Chwaka?" Baadaye Rukia aliniambia kwamba utotoni mwa bibi, baba yake bibi alikuwa akiwahamishia huko, kwenye nyumba yao, wakati wa joto, na tangu nyumba ile isiwe yao tena hakwenda.

"Jiko la nini?"

"Mkaa na kuni, bibi."

"Sufuria zao au zangu?"

"Zako."

"Chumba changu kipo mbali na chenu? Mie sitaki kusikia upuuzi."

"Kipo upande wa pili wa uwanja."

Akajifunga kanga vizuri. "Basi mwambie mke mwenzangu afunge nguo zake. Na hilo shati ulifue, limeshasema ya kutosha."

Fungate ile, mwanangu, ilikuwa ya kanga, mikeka na moshi. Feni moja haikuzunguka, na maji ya bomba yalikuja yakipenda. Lakini asubuhi sinia lilitoka jikoni na boko boko ya ngano na nyama, na mkate wa kumimina, likapita barazani, na wanawake waliokuwa wakirudi na mafungu ya mwani wakasimama wakapiga vigelegele bila kutujua. Kesho yake walikuja mapema zaidi ili wasilikose. Samaki tulinunua hapohapo kwa wavuvi. Na maji yalipojaa, Bi Zuwena aliingia na nguo zake zote, akakaa kitako maji yakimfika kifuani, akakataa kutoka. Binti zake walimwita, akawajibu, "Niacheni, nipo kwetu." Rukia akaenda kukaa ubavuni pake. Mimi nikabaki ufukweni nimeshika viatu vyao.

Sasa sikiliza. Ukipewa kadi ya safari, iwe ya boti, ya ndege au ya basi, ichukue na uitunze. Usisafiri ili upate pointi, maana hapo unamnunulia mwenye boti mafuta. Kabla hujachagua mahali, waulize unaowapeleka wanataka nini, kisha uulize siku zipi pointi zinakubalika, kisha zinakwisha lini. Upana wa kitanda uwe wa mwisho. Usizilimbikize ukingoja hoteli ya picha, kwa maana pointi hufa, na watu huzeeka. Chumba cha kawaida chenye jiko kitawatosha watu wengi, na mwenye kidogo ataiona bahari ileile anayoiona mwenye kingi. Chakula na nauli ya kurudi viweke kando mapema. Na kabla ya kumrahisishia mtu kazi, hakikisha kazi hiyo siyo heshima yake.

Miaka michache baadaye ile hamu yangu ya njia ilirudi. Nikapata kazi Mtwara, na safari hii haikuwa ya kurudi. Bi Zuwena alikuja bandarini akiegemea bega la Haji. Niliogopa ataniambia nimwache Rukia na mtoto, na moyoni nilijua ana haki ya kusema. Alimbusu mjukuu wake, akambusu kitukuu, akanishika mikono yote miwili.

"Siku ile ulipokuja na habari za Nungwi nilisema huyu atanipotezea mtoto," akasema. "Leo nakupa mwenyewe. Nenda naye."

Akanisomea dua, nami nakupa wewe kama nilivyoipokea: Mungu akupe njia nyepesi na wenzio wa safari wema. Akufikishe ukiwa mzima, ukute mlango umefunguliwa na mtu anakungoja kwa jina lako. Na siku utakayoondoka kwa watu, waondokee wakiwa wamekushika mikono.