Mabakuli Sita ya Papa Gaspard

Kila Ijumaa asubuhi Spéciose hushuka kwa lifti kutoka ghorofa ya kumi na moja, siku ambazo lifti inafanya kazi, na kwenda supamaketi akiwa na orodha isiyobadilika: trei ya mayai thelathini, mapaja ya kuku, maparachichi manne, samaki wa barafu, siagi ya karanga, maziwa ya mifuko mitatu. Karibu vyote ni vya mtu mmoja. Hulipa kwa kadi ya msaada wa serikali, ambayo kila mwezi, juu ya fedha za kawaida za familia, huingiziwa nyongeza ya chakula cha mume wake, Gaspard. Miaka miwili iliyopita madaktari walimwondolea sehemu kubwa ya tumbo la chakula kwa sababu ya saratani.

Gaspard ana miaka hamsini na minane. Ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, na kabla ya kuugua alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha mikate huko Brampton, Kanada. Sasa hawezi kumaliza sahani. Aliagizwa ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na Spéciose akalipokea agizo hilo kama mtu aliyeajiriwa. Alinunua mabakuli sita yenye vifuniko na kuandika saa juu ya kila kifuniko kwa kalamu nyeusi. Gaspard alitoka hospitali akiwa na kilo hamsini na tatu. Mwezi Machi mwaka huu alifika sitini na tatu.

Shida ilianzia hapo. Nyongeza ni ya mgonjwa aliyepungua, na kila mwaka daktari hujaza fomu kuthibitisha kwamba bado hajarudia uzito wake. Akinenepa, inakatwa. Ikikatwa, kinachobaki baada ya kodi ya nyumba hakitoshi kununua kuku.

Jambo hili lilisemwa kwanza kanisani, na aliyelisema hakujua analisema. Shemasi Landry, jirani yao katika jengo lilelile la Flemingdon Park, alimshika Gaspard mabega mbele ya watu.

"Papa Gaspard, umenenepa. Mama Ariane anakufuga kama mbuzi wa harusi?"

Watu walicheka. Kwao hiyo ni sifa, ya mume na zaidi ya mke. Spéciose, huyo Mama Ariane, alikuwa ameingoja miaka miwili. Gaspard alifunga vifungo vya koti.

"Koti tu hili," alisema.

Jumapili hiyohiyo kanisa lilitangaza mfungo wa siku kumi, na mchungaji akasema wagonjwa wasifunge. Kesho yake asubuhi Gaspard alilisukuma bakuli la kwanza.

"Nafunga."

"Mchungaji alisema nini juu ya wagonjwa?"

"Mie si mgonjwa. Hukusikia Landry?"

Hadi siku ya daktari kumpima na kujaza fomu zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Hakuna aliyeitaja. Spéciose alilichukua bakuli, akalifunika, na jioni akampa binti yao, Ariane, ambaye ana miaka kumi na saba. Ariane alikula akiwa amesimama, akauliza kwa Kiingereza kama baba ameanza kuumwa tena. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba baba anasali. Kwa siku kumi Gaspard alikula mara moja tu kwa siku, jua likishatua, vijiko vichache.

Daktari Rozmin alizaliwa Toronto, lakini wazazi wake walitoka Dodoma, na Kiswahili alikipata jikoni kwa bibi yake. Kwa sababu hiyo familia hii haihitaji mkalimani. Siku ya kupimwa Spéciose angefurahi kuwa na mkalimani wa kujificha nyuma yake.

Mizani ilisoma hamsini na saba. Nyumbani walikuwa wametarajia kilo mbili zipungue, au tatu. Zilikuwa zimepungua sita.

"Mzee, unakula?" daktari aliuliza.

Gaspard alimtazama mke wake.

"Anakula vizuri, daktari," Spéciose alisema. "Mara sita. Kama ulivyosema."

"Kila siku, mama?"

"Kila siku."

Daktari Rozmin alijaza fomu, akatia sahihi, akampa Gaspard. Kisha akavuta karatasi nyingine.

"Kama anakula hivyo na bado anapungua, lazima tutazame ndani. Nitaomba picha ya tumbo. Foleni ni kama wiki tano."

Kwenye basi la kurudi Gaspard alishika fomu magotini kwa mikono miwili.

"Si tumepata?"

"Tumepata."

Mfungo ulikuwa umekwisha. Mabakuli yalirudi mezani na Gaspard akayamaliza yote, mengine akiyafuta kwa kipande cha mkate. Spéciose alinunua mizani ya bafuni na kumpima kila Jumamosi. Wiki ya kwanza ilikuwa hamsini na saba. Ya pili, hamsini na saba kasoro kidogo. Akaongeza siagi kwenye uji na yai la pili kwenye bakuli la saa nne. Wiki ya tatu ilikuwa hamsini na sita.

Anajua anachopaswa kufanya. Apige simu kliniki, aseme mume wake alifunga siku kumi na kwamba yeye alidanganya, ili daktari ajue kilo zipi ni za njaa na zipi si za njaa. Akisema hivyo, fomu itakuwa ya uongo na chakula kitakatwa, wakati huu Gaspard akikihitaji kweli. Mara mbili amepiga namba hiyo na kukata kabla ya kujibiwa. Hata akisema, yeye mwenyewe hajui tena hesabu yake: huenda Gaspard alianza kupungua kabla ya mfungo, chini ya koti lile, na kwenye basi wote wawili wakafurahia kilo ambazo hazikuondolewa na njaa.

Jumamosi ya nne Gaspard alipanda mizani akiwa pekupeku. Bila miwani hazioni tarakimu.

"Ngapi, Mama Ariane?"

Ilikuwa hamsini na nne na nusu.

"Sitini," alisema Spéciose.

"Usimwambie Landry," Gaspard alisema, akashuka, akaenda mezani kufungua bakuli la saa nne.