Gari la Zuhura Halikuwa Limekufa

Niliondoka Mkongo Jumatano alfajiri nikiwa na hasira, na sioni haya kulisema. Mdogo wangu Zuhura, mjane anayeishi Mahege, alinipigia simu akilia. Gari aliloachiwa na marehemu mumewe linatetemeka, linatoa moshi, na fundi mmoja wa Kibiti kamwambia injini imekufa. Fundi huyohuyo kajitolea kumletea mnunuzi Ijumaa, mtu wa kulifumua na kuuza vipuri. Gari hilo ndilo linalopeleka mchele wake bandarini Nyamisati na kurudi na samaki wa kuuza. Likiondoka, yeye na wanawe watatu hawana pa kushika. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si fundi, lakini nimeendesha gari bovu miaka kumi na moja, nalo limenifundisha mengi kuliko chuo.

Saa nne asubuhi, Kibiti. Hata chai sikunywa, nilikwenda moja kwa moja gereji. Nilimkuta fundi kakaa juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, anachezea simu.

"Lile gari la mdogo wangu ulilipima vipi?" nikamwuliza.

"Mama, moshi wa buluu hauhitaji kupimwa. Ringi za pistoni zimekwisha, injini inakula oili."

"Plagi ulizifungua?"

"Hakukuwa na haja. Haya mambo ya injini, mama, tuachieni wanaume."

Lahaula! Anatangaza msiba na mgonjwa hajamgusa! Nilimwambia maneno mawili matatu ambayo mwalimu hapaswi kuyasema hadharani, nikanunua plagi nne mpya duka la jirani, nikapanda bodaboda kwenda Mahege.

Mchana, Mahege. Zuhura alinipokea uani, macho yamevimba. "Shikamoo, dada." Niliitikia marahaba huku nikifungua boneti. Tuliliwasha. Kweli, lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi, na moshi ukawafukuza kuku. Nikaiacha injini iungurume, nikawa nachomoa waya wa koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, moja baada ya nyingine. Nilipochomoa ya kwanza, injini ikalegea, maana yake silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ya pili, ikalegea. Ya tatu, ikalegea. Ya nne, haikubadilika hata kidogo.

"Basi iliyolala ni hii ya nne," nikasema.

"Imekufa?"

"Nimesema imelala, Zuhura."

Tulizima, tukangoja injini ipoe, tukafungua plagi zote. Zote zilikuwa nyeusi, ila ya nne ilikuwa imelowa, inateleza kama imechovywa kwenye mafuta ya kupikia. Nikaihamishia silinda ya pili, na ile ya pili nikaiweka ya nne. Tulipowasha tena, iliyolala sasa ni ya pili, na ya nne imeamka. Ugonjwa ulihama pamoja na plagi! Ingekuwa pistoni imekwisha, ingehamaje? Nilitamani fundi yule awe pale nimwonyeshe.

Lakini swali lilibaki: oili ya kulowesha plagi imetoka wapi?

"Petroli unanunua wapi?" nikamwuliza.

"Kituoni," akajibu, huku akivuta ncha ya kanga yake na kutazama chini. Huyu nimembeba mgongoni, namjua akisema uongo.

Sikubishana naye. Tulinyanyua kiti cha nyuma, tukafungua kifuniko cha pampu, nikachovya kijiti ndani ya tangi na kudondosha matone kwenye karatasi nyeupe ya daftari. Petroli safi ikikauka haiachi kitu. Hii ilikauka, ikaacha duara linalong'aa. Nikalisugua kwa kidole. Oili.

"Zuhura!"

Ndipo akasema. Shemeji yetu Omari, mdogo wa marehemu, ana boti inayotoka Maparoni. Kila Zuhura anapofika Nyamisati, Omari humjazia petroli kutoka dumu la boti, kama mchango wake kwa watoto wa kaka yake. Na mashine ya boti, kila mtu wa delta anajua, petroli yake huchanganywa na oili kabisa, ndivyo ilivyoumbwa. Gari haliko hivyo. Gari lina oili yake mahali pake.

"Ulijua?"

"Nilishuku. Moshi ulianza baada ya dumu la pili. Lakini ningemwambiaje, dada? Kitu cha hisani hakitiwi dosari. Angeona namkataa. Na fundi hakuniuliza."

Hasira zilinipanda upya, sasa juu yake. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Ulikuwa tayari kuuza gari kuliko kufumbua mdomo?" Akalia. Nami nikalia, nikaendelea kufoka. Kisha tukachukua mpira, tukayatoa mafuta yote na kuyatia kwenye dumu tupu, tukatia petroli safi niliyomwagiza mtu wa bodaboda, tukafunga plagi mpya. Lilikohoa, likatoa moshi kidogo, likatulia.

Alhamisi asubuhi, njia ya Nyamisati. Zuhura aliendesha, mimi nimepakata hotuba yangu. Niliipanga tangu usiku: uzembe, ujinga, mali ya yatima. Tulipofika, Omari alikuja anacheka, dumu mkononi.

"Karibuni, mashemeji! Leo nimeongeza oili zaidi. Injini ya mjane haitakiwi kufa."

Hotuba yote ikayeyuka. Zuhura alinifinya ninyamaze, akamsogelea mwenyewe.

"Shemeji, nisamehe, nimekuficha. Hii petroli ya boti inaliumiza gari. Fundi alisema limekufa, kesho lingeuzwa. Uliyolitilia tumeyatoa, yamo kwenye dumu letu hili, ni halali kwa boti yako. Ukitaka kunisaidia, nipe yasiyochanganywa."

Omari aliweka dumu lake chini polepole. Alitazama gari, akapitisha kiganja juu ya boneti.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "ndiye niliyekuwa naliua gari la kaka."

Kisha akavaa viatu, akaingia kiti cha nyuma. "Twendeni kwa huyo fundi. Nataka anione."

Alasiri, Kibiti. Fundi alitusikia kabla ya kutuona, injini inanguruma kwa utulivu. Alisimama, akazunguka gari, akatazama bomba la moshi.

"Naona mmeshaweka injini nyingine."

"Injini ni ileile," Zuhura akasema. "Kesho usimlete mtu wako. Dada aliniuliza swali moja tu, tukapona."

"Swali gani?"

Nilishuka nikamsogelea. "Hilo ndilo swali la kwanza wewe kuuliza tangu alilete gari kwako."

Omari alitoa kichwa dirishani, akamwambia kwa upole kuliko nilivyoweza mimi: "Ungeuliza petroli inatoka wapi, kaka. Mimi ningekuambia nilichotia."

Ijumaa nilirudi Mkongo. Wapo walioniuliza nimejifunza nini safari hii, nikawaambia kupima plagi nilikuwa najua tangu zamani. Nililojifunza ni kwamba mdogo wangu angeweza kulaza wanawe njaa kwa kuona haya, na fundi alikuwa tayari kunufaika kwa haya hiyo. Kwa hilo bado nimekasirika, na sitaki hasira hiyo inipoe.