Ukuta Uliopinda kwa Kidole

Mtaani walimwita Mzee wa Kiasi. Kwa miaka thelathini jina hilo lilimtia mkewe fahari, mpaka Jumanne moja asubuhi alipolichukia. Mumewe alikuwa fundi mwashi asiyelewa, asiyefoka, asiyekula akavimbiwa. Majirani wakigombania mpaka wa kiwanja au jogoo anayewika mapema mno, walikuja sebuleni kwake. Huyu alimpunguzia haki kidogo, yule alimpunguzia kosa kidogo, wakaondoka wote wamenuna nusu nusu. Hayo ndiyo yaliyoitwa hekima.

Jumanne hiyo binti yao alirudi kutoka kwa mumewe, mara ya tatu. Mara ya kwanza alikuja jicho limevimba, baba akasema funika kombe mwanaharamu apite. Mara ya pili alikuja meno mawili yanacheza, baba akasema ndoa ni kuvumiliana, akamrudisha kwa miguu yake mwenyewe. Safari hii alikuja na mkono ndani ya plasta. Fundi akaita kikao saa nne, kama anavyoitisha vikao vya jogoo.

Mkwe alifika amevaa shati lililonyooka vizuri. Nani alilipiga pasi, Mungu anajua, maana mwenye kazi hiyo alikuwa amebaki na mkono mmoja. Mkoba wa binti ulikuwa tayari mlangoni. Fundi ndiye aliyeuweka pale, kabla hajasikiliza neno la mtu yeyote.

“Mwanangu,” akaanza, kwa ile sauti yake ya uvuguvugu, “wewe punguza mdomo. Na wewe mkwe wangu, punguza mkono. Kila kitu kwa kiasi.”

“Nimekuelewa, baba,” mkwe akasema upesi.

Binti alikuwa anautazama mkoba.

Mama alisikia hasira ikimpanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuimeza.

“Apunguze mpaka ngapi?” akauliza.

“Mama watoto, tulia kidogo.”

“Nauliza tu. Apunguze mpaka ngapi? Amvunje mara moja kwa mwaka? Au avunje huu wa kushoto, wa kulia amwachie wa kupikia?”

Mkwe akacheka kidogo, akidhani ni utani, halafu akaona ni yeye peke yake anayecheka.

Mama akainuka mpaka kwenye msumari ambako fundi hutundika timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Akaitua mezani mbele ya mumewe kwa kishindo.

“Wiki iliyopita nilikupelekea chakula kazini, nikakukuta unabomoa ukuta mzima. Vijana wako wanakuomba, mwenye nyumba anakuomba, na ukuta wenyewe ulikuwa umepinda upana wa kidole tu. Ukasema ukuta uliopinda haubembelezwi, siku moja utawaangukia watu. Mbona huo hukuuambia upunguze kupinda?”

Fundi aliishika ile timazi, akaigeuza mkononi kama chombo cha mtu mwingine.

Mama akauchukua mkoba mlangoni, akaupeleka chumba cha ndani. Aliporudi, akamwambia mkwe, “Umekuja kuchukua mtu. Hayupo wa kuchukuliwa.” Mkwe akamtazama fundi, akingoja ile nusu yake aliyoizoea. Fundi akabaki ameinamia meza. Mwishowe yule bwana akaondoka na shati lake.

Fundi akasema polepole, “Mke wangu, kama jambo hili lilikuwa linakuumiza hivi, ungeniambia mapema.”

“Nilikwambia,” akajibu, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira, nyingi ikiwa ya kujikasirikia mwenyewe. “Nilikwambia mara zote mbili. Nilikwambia kwa kiasi.”