Nilitia Kidole Kwenye Karatasi Nisiyoweza Kuisoma

(Barua hii imetufikia kutoka Iringa. Jina la aliyeituma tunalo sisi peke yetu, na majina yaliyomo ndani tumeyabadili kama alivyoomba.)

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mjane. Naishi Kihesa kwenye nyumba ya bati aliyotuachia marehemu baba, mimi na mdogo wangu Mwanaidi, ambaye ameolewa Mbeya. Kazi yangu ni kushona. Kusoma nasoma kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Hizi za Kizungu sizijui, na barua hii naandikiwa na shoga yangu aliyeapa kufunga mdomo. Ninyi wasomaji hamnijui, ndiyo maana naweza kuwaambia nilichoshindwa kumwambia ndugu yangu wa tumbo moja.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipofariki sikujua kama alikuwa akidaiwa. Arobaini ilipokwisha tu, wenye maduka watatu walikuja mmoja baada ya mwingine, kwa heshima, kila mmoja na daftari lake. Jumla ilikuwa shilingi mia tatu na arobaini. Niliahidi kulipa, kwani sikutaka alale kaburini na haki za watu, ila kwa cherehani moja sikujua nitaanzia wapi.

Hapa ndipo nilipokosea. Mjini kwetu walikuwapo watu wawili wa kuwasaidia wenye madeni. Mmoja ni Mzee Mikaeli, Mhehe, karani mstaafu wa boma. Kila Jumamosi asubuhi hukaa barazani kwake karibu na soko, akaandika madeni yako, kisha akaenda mwenyewe kwa wanaokudai kukuombea ulipe kidogo kidogo. Hachukui hata senti. Lakini baraza ile inapitwa na mji mzima, na ukionekana pale kila mtu anajua kilichokuleta. Baba yangu alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Niliona aibu.

Wa pili nitamwita Bwana Shabani. Huyu alikuja nyumbani mwenyewe, kwa kanzu safi na sauti ya chini. Aliniambia, "Dada, bure ya yule mzee utailipia kwa heshima yako. Mimi nipe shilingi thelathini kila mwezi. Ishirini na tano nawapelekea wanaokudai, tano ni jasho langu. Hakuna atakayejua." Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Akatoa karatasi ya maandishi ya Kizungu. Nikamwuliza inasema nini. Akajibu, "Inasema tumekubaliana." Nikatia kidole.

Nililipa miezi kumi na moja. Nilishona mpaka macho yakawa yanachuruzika, nikapunguza mafuta ya taa, nikapunguza chakula, nikiamini marehemu anafunguliwa. Halafu nikakutana sokoni na mmoja wa wale wenye maduka. Alinijulia hali, kisha akasema taratibu, "Mama, nimekustahi kwa ajili ya marehemu. Lakini tangu arobaini sijaona hata senti yako."

Nilimwendea Bwana Shabani siku ile ile. Hakukasirika, wala hakukana. Alisema fedha zote zimeishia kwenye safari na barua, na kwamba karatasi niliyotia kidole imeiweka nyumba yetu rehani kwake. "Sina haja ya kukudhuru, dada. Niletee shilingi mia na ishirini kwa mkupuo, nikurudishie karatasi yako. Kimya kimya, kama tulivyoanza." Nikiuza cherehani napata hizo, ila sitabaki na kitu cha kunilisha. Siku mbili baadaye nilikuwa naanika nguo, nikakuta wanaume wawili nisiowajua wanapima ua wetu kwa kamba. Wakanisalimia, "Kamwene, mama," wakaendelea kupima.

Ndipo nikaenda barazani kwa Mzee Mikaeli, mchana kweupe, watu wakipita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza aliuza ng'ombe wake akamlipa."

"Akarudishiwa karatasi?"

"Alirudishiwa karatasi. Si ile aliyotia kidole."

Akaniambia yuko tayari kunipeleka boma na kunisemea bila malipo yoyote. Lakini nyumba ni ya wawili, kwa hiyo Mwanaidi lazima aje, naye asikie yote kutoka kinywani mwangu. Nikamwomba tufanye bila yeye. Akatikisa kichwa. "Mama, mimi kazi ya kuficha siifanyi."

Mama yetu alipokufa, Mwanaidi alikuwa bado anatambaa. Nimemlea mimi. Alipoolewa alikataa tugawane nyumba, akasema, "Dada, kwako ni kwangu." Mumewe hakupenda, akamwambia ipo siku atajuta. Nitamtazamaje mume yule?

Nilikuwa nikisitasita hivyo mpaka juzi, mfungo ulipoanza, ikanifikia barua ya Mwanaidi kwa mkono wa dereva wa basi la Mbeya. Ameniandikia kwa herufi za Kiarabu, nikaisoma mwenyewe. Anasema: "Dada, mtu wako amefika. Mpole, ana kanzu nzuri, amenipa salamu zako zote. Anasema umemtuma nitie kidole kwenye karatasi ya nyumba, kwa vile mimi ni mrithi mwenzio. Nimemwambia arudi baada ya Idi, nikuulize kwanza. Nisiposikia neno kutoka kwako, nitatia, kwani najua huwezi kunitakia mabaya."

Mara tatu nimeshika kalamu kumjibu. Nikifika mwisho wa salamu, mkono unasimama. Nikimwambia asitie kidole, ataniuliza kwa nini. Nikiuza cherehani nimlipe yule bwana, nani ataniambia ni karatasi gani nitakayorudishiwa? Wenzangu mliowahi kumficha ndugu yenu jambo kubwa kama hili, na bado mnaitana ndugu, niambieni mlianza kwa maneno gani. Nifanyeje? Idi haiko mbali.