Kidole cha Spidi na Kopo la Vizibo

Jamani, usiku mmoja tu! Spidi kalala mzima kama jiwe, kaamka hawezi kukanyaga chini. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, kimeiva kama nyanya, shuka likikigusa tu anapiga yowe. Na huo ndio mguu wa kazi!

Spidi ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita, na jina kapewa kwa sababu ya mguu huohuo. Akikanyaga pedali, wateja wanasimama mlangoni kushangaa. Sasa leo Alhamisi, Jumamosi mdogo wake wa kike anaolewa, na gauni la bibi harusi bado halina mikono. Tena alimwapia kabisa: "Hakuna fundi mwingine atakayeligusa."

Akafika dukani anaruka kwa mguu mmoja. Mwenye duka, mzee wa miaka sabini, mwembamba mpaka wanamwita Mzee Uzi, akamwangalia juu ya miwani.

"Umecheza mpira na ukuta?"

"Nadhani ni pedali, mzee."

"Pedali? Mimi nimeikanyaga tangu baba yako hajaota meno. Twende hospitali."

"Na gauni?"

"Gauni halina homa. Twende!"

Daktari alikuwa dada wa rika la Spidi tu. Akamtoa damu, wakasubiri kwenye benchi, majibu yakaja.

"Kaka, hii ni jongo. Asidi ya yuriki kwenye damu yako iko juu sana. Ikizidi inaganda kwenye kiungo, inakuwa vichembe vyenye ncha kama sindano."

Macho yakamtoka Spidi. "Jongo si ugonjwa wa wazee? Daktari, hujachanganya damu? Mzee ni huyu hapa!"

"Mimi sijachomwa hata sindano, usinisingizie," Mzee Uzi akaruka.

"Wiki hii wewe ni kijana wa tatu," daktari akasema. "Mmoja ana miaka ishirini na miwili. Haya, maji unakunywa?"

Spidi akatikisa kichwa. Choo cha dukani kiko nyuma ya jengo zima, na Spidi hataki kunyanyuka mshono ukiwa umekolea. Basi maji hagusi.

"Nyama?"

"Maini. Jioni, na washkaji. Na bia kidogo."

"Soda?"

"Mbili tatu. Kwa wiki."

Mzee Uzi akakohoa. Kumbe pale dukani kazi inahesabiwa kwa vizibo! Kila nguo ikiisha, hata suruali ya kupunguza tu, Spidi anajipongeza na soda, kizibo anakitupa kwenye kopo. Jumamosi wanalimwaga, wajue nguo ngapi zimetoka.

"Daktari," mzee akasema taratibu, "Jumamosi iliyopita vilikuwa thelathini na kimoja."

Hakuna aliyecheka. Spidi mwenyewe alibaki mdomo wazi, kama anasikia habari za mtu mwingine.

"Na mimi nilikuwa nampigia makofi!" Mzee Uzi akajishika kichwa.

Akapewa dawa. Maji kwa wingi, soda na bia aache, maini ayasahau, arudi kupima tena. Akipuuza, maumivu yatarudi, na viungo na figo vitaumia. "Na huo mguu upumzike wiki nzima."

"Wiki? Harusi keshokutwa!"

Dukani wakamkuta mdogo wake anasubiri. Akasikia yote, akaangalia kile kidole, machozi yakamlengalenga. "Kaka, basi nitafute fundi mwingine?"

Spidi akakaa kwenye cherehani, akagusa pedali, akapiga yowe. Ndipo Mzee Uzi akavuta kiti chake ubavuni mwa cherehani, akaweka kiatu juu ya pedali.

"Shika kitambaa. Mimi nakanyaga."

"Kwa spidi yangu, mzee?"

"Kwa spidi ya mtu mwenye vidole kumi vizima. Shika!"

Mikono ya kijana, mguu wa mzee! Mwanzo uzi ulikatika, wakagombana, bibi harusi akawa mwamuzi. Ijumaa mchana gauni likasimama, mikono yote miwili, mshono umenyooka.

Mkono wa Spidi ukajiendea wenyewe kwenye soda. Akaurudisha kama umeguswa na pasi. Akaokota kifungo kilichobaki, akakitupa kwenye kopo, kling! Akabugia kikombe kizima cha maji, akanyanyuka akichechemea, akaanza safari ndefu ya kwenda chooni.