Habari Iliyokuja kwa Miguu

Nimeishi katika miji mingi kiasi kwamba nikiulizwa kwangu ni wapi, nasita. Makambako, Songea, Kahama, kisha tena barabarani. Kila stendi ninaposhuka nawakuta vijana chini ya miavuli ya rangi, kila mwavuli na kampuni yake ya simu, wakinivuta ninunue laini nyingine. Ninazo mbili tayari, na zote huzizima ninapokula. Wenzangu husema nakimbia madeni. Hayo ni mazoea niliyoyatoa Ifakara, kwa mama mdogo aliyenilea, ambaye alikuwa opereta wa simu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukitaka kuzungumza na mtu wa Morogoro au Mahenge ulikwenda posta, ukabuku simu, ukakaa kwenye benchi. Mama mdogo aliketi chumba cha nyuma mbele ya swichibodi, hedifoni kichwani, akichomoa waya hapa na kuuchomeka pale. Aliwaita maopereta wa miji mingine ambao hakuwahi kuwaona, lakini alijua yupi kajifungua na yupi ana mafua. Laini ikipatikana aliita jina lako, nawe ukaingia kwenye kibanda cha mbao ukapayuka, maana bila kupayuka hukusikika. Benchi zima lilijua mpunga wako umetoka gunia ngapi.

Habari za mpunga, mahari na ada ya shule zilipita kwenye waya kama zilivyokuja. Za msiba hapana. Opereta wa upande wa pili alimnong'oneza yeye kwanza, naye hakumwita mfiwa kibandani. Alimwachia kiti mwenzake wa zamu, akajifunga kanga juu ya sare, akatoka kwa miguu. Kwanza alimtafuta mkubwa wa ukoo, mjomba au baba mkubwa, akamwambia pembeni. Kisha waliongozana hadi nyumbani, wakahakikisha mwenye msiba ameketi, ametia kitu tumboni, na majirani wako karibu. Ndipo mkubwa aliposema. Mama mdogo alisimama nyuma ya mfiwa, tayari kumshika. Hakuna mkuu wa ofisi aliyemwagiza. Alisema mtu haokoti msiba peke yake njiani kama anayeokota kuni.

Mambo yalianza kubadilika pale shirika lilipogawanywa, posta ikawa kivyake na simu kivyake. Bosi alikuja kutoka mkoani akawaeleza wafanyakazi kwamba sasa ni biashara, kwamba kampuni za watu binafsi zimeruhusiwa, na kwamba mtambo mpya ukifika watu watajipigia wenyewe. Hakutamka neno kupunguzwa, lakini mama mdogo alirudi nyumbani akiwa amelisikia. Hakuwa na shamba la maana. Hakuwa na mume. Alikuwa na kiti kile, na mimi niliyemaliza kidato cha nne na kukaa barazani. Tangu siku ile nilimwona akihesabu watu wa benchi kwa macho.

Nao walikuwa wakipungua. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Mlabani, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa amesimamisha miti miwili mirefu, akafunga waya katikati, akaleta redio kol inayokula betri ya gari. Wanunuzi wa mpunga waliokuwa wakisubiri posta tangu asubuhi sasa walisimama kwenye pumba kwake, wakaongea na Dar es Salaam wakimaliza kila sentensi kwa "ovaa". Alikuwa mtu mcheshi. Aliwaambia wateja kwamba simu ya serikali inatembea kwa miguu, ya kwake inapita hewani. Mama mdogo alipoletewa utani huo alicheka kidogo, akauliza kama hewani kuna mlango wa kubisha hodi.

Halafu mvua za masika zikaja, na msiba wa fundi seremala.

Alikuwa jirani yetu wa mtaa wa tatu, mtu wa makamo aliyehamia kutoka upande wa Mahenge, akimwacha mama yake huko. Simu iliingia asubuhi: mama amefariki, padri yupo kijijini na kesho mapema atamzika kabla hajaendelea na safari ya vigango vyake. Mama mdogo alijifunga kanga akatoka. Mkubwa wa fundi hapo mjini alikuwa mjomba wake, na mjomba alikuwa ameshinda shambani kwake kwenye maji, kule ng'ambo ya mabwawa. Akamfuata. Alipita nyuma ya karakana ya fundi huku akisikia randa ikipiga mbao. Hakusimama.

Mjomba alipatikana jua likiwa limeelekea magharibi. Walirudi wakiwa wameloa, wakamkalisha fundi, wakamwambia. Mama mdogo alimshika, na fundi akalia kama inavyotakiwa. Kisha akainuka kutafuta gari la kumpeleka mtoni. Walipofika kivukoni, pantoni ilikuwa imefungwa ng'ambo na mto umejaa hadi kwenye matete. Mtumbwi hakuna aliyekubali kuutoa. Alivuka kesho yake. Alipofika kijijini kwao alikuta udongo mbichi na msalaba.

Nilikuwa posta siku aliporudi. Nilimpelekea mama mdogo uji, na ndiyo maana nilisikia. Fundi aliingia hadi chumba cha swichibodi, mahali ambapo mteja haruhusiwi, na hakuna aliyemzuia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole."

"Ulijua tangu asubuhi."

Mama mdogo alivua hedifoni. Alimweleza kwamba alimfuata mjomba ili yeye fundi asisikie akiwa peke yake.

"Ulipita nyuma ya karakana," fundi akasema. "Mwanangu alikuona. Mimi nilikuwa napiga randa kitanda cha arusi, naimba. Mama yangu amelala chini, wewe unajua, na mimi naimba."

"Nilitaka upate wa kukushika."

"Nani alikwambia nataka kushikwa? Nilitaka kuvuka."

Hakupandisha sauti. Aliaga kwa heshima, akaondoka. Mama mdogo akavaa hedifoni. Taa ya mtu fulani ilikuwa ikiwaka kwenye swichibodi, naye akaiangalia bila kuichomekea waya, hadi mwenzake akanyoosha mkono akampokelea.

Habari ile ilienea bila simu yoyote. Mwenye redio kol hakuhitaji kutangaza. Alisema tu, kila alipoulizwa, kwamba kwake fundi angevuka kabla ya adhuhuri. Na ilikuwa kweli. Wapo walioendelea kumtetea mama mdogo, hasa wazee, lakini wazee hawapigi simu nyingi. Familia zilianza kuagiza kwa ndugu zao wa mbali: jambo likitokea, tumieni ya Mlabani.

Nilikwenda kuona mwenyewe, nikitafuta pia kama wana kazi. Foleni ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja muuza samaki aliitwa mbele, akapewa kile kisemeo, na sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika kubwa, kwa wote: mtoto wako amefariki hospitali jana, unasikia, ovaa. Yule mama hakujua kifungo cha kubonyeza ili ajibu. Sauti ikarudia. Alianguka kwenye pumba, beseni lake likabiringika, na sisi foleni nzima tulitazamana, kila mmoja akingoja mwingine aliye ndugu wa yule mama ajitokeze. Mwenye redio alizima spika. Aliinua lile beseni, akaliweka kando. Baada ya muda akaiwasha tena, kwa kuwa watu walikuwa wakingoja bei.

Nilimsimulia mama mdogo jioni ile, nikidhani nitampa faraja. Aliuliza kitu kimoja.

"Nani alimshika?"

Nikamwambia hakuna, mpaka walipofika wauza samaki wenzake. Akasukuma sahani pembeni.

Mtambo mpya ulifika baadaye kidogo kwenye lori, na swichibodi ikabebwa na watu wanne kwenda stoo. Mama mdogo alikuwa miongoni mwa waliopewa mkono wa kwaheri. Redio kol nayo haikudumu miaka mingi; mashine ya mpunga yenyewe leo ni duka la vocha. Lakini niliyoyaona katikati hapo ndiyo yaliyonifukuza Ifakara.

Alipokosa kiti alianza kufanya kile ambacho kazi ilimnyima: kutembelea watu. Nami nilimsindikiza. Tulipoingia uani kwa mtu, mazungumzo yalikatika. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliweka michi chini. Mmoja alitutangulia kuita watoto wake, mmoja mmoja kwa majina, ahakikishe wote wapo. Miaka yote ile mama mdogo hakuwahi kwenda kwa mtu na habari njema. Hizo zilipita kwenye waya. Watu walikuwa wamejifunza mwendo wake na kanga yake. Aliwaambia, "Nimekuja kusalimia tu," nao walimkaribisha, lakini chai ilinywewa haraka.

Wa mwisho alikuwa fundi. Mama mdogo alitaka kigoda cha jikoni, au alisema anakitaka. Fundi alituona kutoka mbali, tukiruka madimbwi. Akaacha randa juu ya ubao, akajifuta mikono kwenye suruali. Hakukaa. Alisimama akitungoja, na tulipofika hakumwamkia.

"Nani, mama?"

"Hakuna. Nimekuja kusalimia."

Alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta nyuma yake mjomba aliyejificha. Kisha akavuta benchi, akampangusia maranda, akamkalisha. Waliongea habari za mvua, na kigoda, na mbao ya mninga ilivyoadimika. Fundi alijibu kila kitu kwa adabu. Ila hakuigusa randa mpaka tulipoaga, na tulipokuwa tumeshafika njiani nikageuka, alikuwa bado amesimama akihesabu watoto wake.